Uzi wa Kushonea na Fidla

Wasomaji wetu wa Endabash wazijua nguo za ngozi za wanawake wa Kiiraqw wa zamani, zilizoshonewa shanga kwa subira kubwa. Siku hizi ni adimu, na baadhi zimewekwa katika nyumba za makumbusho. Mtu akiikunjua nguo ya bibi yake huona mahali palipochakaa, husikia harufu ya moshi, na mara moja amerudi utotoni, ijapokuwa nguo haikunena neno. Je, muziki usio na maneno waweza kufanya hivyo?

Twasema waweza, na mfano wetu watoka Rumania. Waliosikia taarabu ya Unguja wameisikia fidla. Ni ndugu wa zeze la Wagogo, ambalo nalo hupigwa kwa upinde. Ila fidla ina nyuzi nne, na upinde wake hutiwa singa za mkia wa farasi.

George Enescu alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Liveni. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto wa miaka mitatu hivi alisikia wapigaji wa muziki, na siku ya pili akafunga uzi wa kushonea juu ya kipande cha ubao, akajiona ana fidla. Wazazi wakampa kifidla cha kuchezea. Akakitupa motoni kwa hasira, maana alitaka fidla ya kweli! (Nasi twawahurumia wazazi.)

Mwaka 1940, naye akaribia miaka 60 na Ulaya imo vitani, alitunga vipande kumi juu ya utoto wake. Humo mna mzee mwombaji, kijito cha bustanini, ndege tunduni, nyenje, na upepo katika dohani. Katika hivyo fidla husaidiwa na piano. Lakini kipande cha kwanza, juu ya mpiga fidla wa kijijini, ni cha fidla peke yake.

Kisikilizeni hivi. Mara upinde hugusa nyuzi mbili pamoja, na fidla moja yatoa sauti mbili. Vidole huteleza na kuipamba sauti, wala mwendo si wa gwaride. Tena Enescu hakunakili wimbo wa kijiji; alitunga wake mwenyewe kwa namna ya watu wa kwao. Kuitunza nguo ya bibi sandukuni ni kazi moja, na kushona nyingine kwa mshono wake ni kazi ya pili. Sisi twaiona hii ya pili kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mshonaji hana budi kuukumbuka mkono wa bibi, si nguo tu. Na mkono hauwekwi katika makumbusho.

Kipande chote huchukua kama dakika nne.