Kutenga Kitu Pichani: Mfano wa Isukuti katika Kamusi Yenye Picha

1. Utangulizi

Mtunga kamusi hulitoa neno katika usemi alimolisikia, akaliweka peke yake kama kidahizo. Mwenye kutayarisha picha za kamusi hiyo naye hufanya kazi inayofanana na hiyo: hukitoa kitu katika picha yenye mambo mengi, akakiweka peke yake juu ya karatasi nyeupe. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hii ya pili inavyotendwa kwa programu za kuhariri picha, na kuonyesha kwamba haifai kuachiwa fundi wa tarakilishi peke yake. Kila mstari wa kukatia una uamuzi wa maana ndani yake, na uamuzi huo ni wa mwanaisimu.

Mfano wetu ni isukuti ya jamii za Isukha na Idakho, Kakamega, magharibi mwa Kenya. Jina hilo ni la ala inayopigwa, na pia ni la mchezo unaochezwa kwa ala hiyo. Ngoma zenyewe hupigwa tatu pamoja, yaani kubwa, ya kati na ndogo, zikiandamana na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuwa wengi wa wenye ujuzi ni wazee wasio na warithi, na kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni haba. Kwa hiyo yumkini mtoto fulani wa kesho akaiona isukuti kwanza katika kamusi. Hapana budi picha hiyo iwe ya kweli.

2. Tarakilishi huona nini?

Picha ya tarakilishi ni mraba uliojaa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Kwa kawaida kila pikseli huwa na namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255. Hapana mahali pichani palipoandikwa kuwa hapa ndipo ngoma inapokoma na hapa ndipo nyasi zinapoanza. Kutenga kitu, basi, ni kuiambia programu ni pikseli zipi zihesabiwe kuwa za kitu na zipi zihesabiwe kuwa za mandhari.

3. Njia za kutenga

Njia ya kwanza ni kufuata ukingo kwa mkono, nukta baada ya nukta, mpaka mstari ukutane. Ni njia ya polepole, lakini ndiyo ya kuaminika zaidi kwa vitu vyenye kingo wazi kama chungu au jembe.

Njia ya pili ni kuchagua kwa rangi. Mtumiaji hugusa pikseli moja, na programu hukusanya zote zinazoikaribia kwa rangi. Hufaa pale kitu kilipopigwa picha mbele ya shuka la rangi moja. Haifai pale ngoma ya mti iliposimama juu ya udongo unaofanana nayo.

Njia ya tatu ni ya kukadiria. Mwaka 1995 Eric Mortensen na William Barrett walieleza mkasi unaojivuta wenyewe kwenye ukingo ulio karibu. Mwaka 2004 Carsten Rother, Vladimir Kolmogorov na Andrew Blake walieleza mbinu ambayo mtumiaji huzungushia kitu mraba tu, na tarakilishi hulinganisha rangi za ndani na za nje hadi ipate mpaka. Siku hizi zipo programu zinazotenga kitu kwa mguso mmoja. Idara isiyo na fedha yaweza kutumia GIMP, ambayo haiuzwi na ina mkasi wa namna hiyo.

Njia yoyote ikitumika, mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mandhari yafichwe, yasifutwe. Programu hizi huruhusu kuweka juu ya picha kifuniko cha nyeupe na nyeusi: penye weupe picha huonekana, penye weusi hufichika, na penye kijivu huonekana nusu. Kosa likigunduliwa baadaye, kifuniko hurekebishwa na picha ya asili hubaki salama. Pili, ukingo ulainishwe kwa pikseli moja au mbili, ili kitu kisionekane kama kimekatwa kwa panga. Tatu, kazi ihifadhiwe kwa muundo wa PNG, unaotunza uwazi, JPEG hautunzi.

4. Mstari upite wapi?

Tuchukulie kwamba tuna picha ya wapigaji watatu uwanjani, na mkono wa mmoja wao umeziba sehemu ya ngozi ya ngoma yake. Tukiuondoa mkono, tutabaki na tundu, na programu italijaza kwa ngozi ya kubuni. Msomaji ataiona ngozi ambayo hakuna aliyeipiga picha. Ni afadhali kuuacha mkono, au kuipiga picha ngoma hiyo upya.

La pili ni ukubwa. Tukiitenga kila ngoma na kuzipa zote nafasi sawa ukurasani, ile ndogo na ile kubwa zitalingana, na tofauti itakuwa imepotea. Ama zitengwe zote tatu kwa pamoja katika picha moja, au kila moja iandikiwe kimo chake kwa sentimita.

La tatu ndilo zito zaidi. Neno la Kiswahili “ngoma” nalo ni la ala na la mchezo pia. Fasili isemayo tu kuwa isukuti ni ngoma ya Kakamega itamwacha msomaji na utata uleule, na picha ndiyo itakayoamua. Ngoma moja iliyotengwa itasema kuwa isukuti ni ala, basi. Kwa hiyo kidahizo hiki chahitaji picha mbili: ngoma tatu zilizotengwa kwa maana ya kwanza, na wachezaji pamoja na wapigaji, bila kukatwa, kwa maana ya pili.

5. Hitimisho

Tunapendekeza kila picha iliyotengwa ihifadhiwe pamoja na picha yake ya asili, na maelezo ya mahali, tarehe, vipimo na vitu vilivyofichwa. Kisha, kabla ya kuchapishwa, ionyeshwe kwa wasemaji wa Kiisukha na Kiidakho, nao waulizwe ni kitu gani. Wakisita, au wakiuliza zilipo nyingine mbili, mstari wetu umepita mahali pasipofaa, na kifuniko kirekebishwe.