Deki ipi ya kununua? Tazama kwanza santuri ulizo nazo

MKAZI wa Kisumu, Homa Bay au Mbita anayetaka kufurahia sinema na muziki nyumbani hukosea anapochagua deki kwa umbo na bei, kabla ya kukagua santuri zilizomo kabatini mwake.

Santuri hazilingani. DVD ya tabaka moja huhifadhi gigabaiti 4.7, ilhali Blu-ray huhifadhi 25. Deki ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray kamwe. Deki ya Blu-ray nayo husoma DVD, lakini si kila moja hukubali VCD. Kwa hivyo, mpenzi wa benga aliyehifadhi video za zamani kwenye VCD, kama zile za marehemu D.O. Misiani aliyefariki mwaka wa 2006, sharti aulize mapema.

Suala la pili ni zoni. Kwa DVD, Kenya imo katika zoni 5, Uingereza 2 na Marekani 1. Sinema iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani yaweza kukataliwa na deki ya hapa, isipokuwa iwe imefunguliwa kwa zoni zote. CD za muziki hazina kizuizi hicho.

Deki yenyewe ikitoka Marekani, ikaguliwe nyuma: iliyoandikwa volti 120 pekee huungua ikichomekwa kwenye umeme wa Kenya wa volti 240.

Kwa mwenye nia ya kusikiliza muziki tu, deki ya kawaida yatosha. Fedha zinazosalia zinunue spika bora.

Kabla ya kulipa, mnunuzi abebe santuri zake dukani, zijaribiwe moja baada ya nyingine.