Kimo cha Ardhi Kikipimwa Vibaya, Maji Hayasamehe



Chini ya kilima cha Mulago, penye hospitali kuu ya taifa, liko bonde la Kalerwe na Bwaise. Mvua kubwa inyeshapo, maji hushuka kilimani kwa kasi. Lakini yafikapo bondeni hukuta ardhi tambarare, nayo husita na kuingia majumbani mwa watu. Mfereji wa Nsooba umekusudiwa kuyapeleka hadi Lubigi.

Mfereji katika ardhi ya namna hiyo waweza kuteremka mita 1 tu kwa kila kilometa. Basi mpimaji akikosea kimo kwa sentimita 30 katika mwendo wa mita 300, kipande hicho kitakuwa sawa kama meza, na maji yatasimama. Kosa la daftari hugeuka kuwa msiba wa mtaa, na wanaoitwa usiku kuokoa watu ni ninyi wa jeshi na polisi.

Je, kimo huhesabiwa kuanzia wapi? Uganda haina bahari. Vimo vya ramani zake viliunganishwa, kwa njia ya Khartoum, na usawa wa bahari huko Alexandria, Misri. Safari hiyo ni ndefu, na kila hatua yaweza kuongeza kosa dogo. Kwa hiyo mpimaji hodari husimamisha chombo chake katikati ya fimbo mbili, ya nyuma na ya mbele, ili kosa la chombo na kupindika kwa nuru vifutane. Kisha hurudi alipoanzia, au huishia kwenye alama nyingine ambayo kimo chake chajulikana. Tofauti anayoikuta hapo ndiyo shahidi wa kazi yake.

Siku hizi satelaiti hutoa kimo kwa muda mfupi. Hata hivyo, satelaiti hupima kutoka umbo laini la dunia lililowekwa kwa hesabu, wala si kutoka usawa wa bahari. Katika Kampala vimo hivyo viwili hupishana kwa mita zaidi ya 10. Ili kuvipatanisha ni lazima kujua jinsi nguvu ya uvutano wa dunia inavyobadilika mahali hadi mahali. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na mwenzao wa Sweden, walifanya kazi hiyo katika hesabu ya Uganda nzima iitwayo UGG2014.

Lakini hesabu hiyo nayo huthibitishwa kwa alama zilizomo ardhini. Nguzo ya mpimaji ikivunjwa kwa ajili ya chuma au mawe, hupotea kimo kilichopatikana kwa jasho la watu wengi. Sheria inakataza uharibifu huo. Askari anayesoma ramani aijua thamani ya alama. Basi aionapo njiani au kilimani, na ailinde kama alindavyo daraja.