Afya ya Udongo (Sehemu ya Pili): Kondoa, Kijani cha Juu na Mboji ya Chini

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi ardhi inavyochakaa: uoto unaondoka, matone ya mvua yanapiga udongo mtupu, na tabaka la juu lenye mboji linasombwa. Leo tunaligeukia swali linalosahaulika mara nyingi. Ardhi hiyo ikianza kupona, tutajuaje kwamba imepona kweli?

Tuitazame Kondoa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini Vilima vya Irangi viliendelea kuchanwa na makorongo. Ndipo mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Kwa Mrangi aliyeweka akiba yake zizini, hiyo ilikuwa amri nzito, na ni dhuluma kuyasifu matokeo bila kumtaja aliyeyalipia. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa ndani ulikuja kuanzishwa miaka kumi baadaye.

Uoto ulirejea upesi. Nyasi zilitangulia, vichaka vikafuata, miteremko ikafunikwa. Wengi wakifika hapo huona kazi imekwisha. Lakini nyasi huhitaji misimu michache tu ya mvua, ilhali mboji hujengeka kwa miaka mingi, na udongo uliokwishateremka bondeni haupandi tena kilimani. Mlima unaweza kuwa kijani huku udongo wake ungali fukara.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni kasi ya maji kuzama ardhini. Pete ya chuma hugongomelewa ardhini, maji yaliyopimwa humiminwa ndani, na muda wa kuzama huandikwa. Udongo uliokanyagwa hadi ukashikana huyakataa maji, nayo hutiririka juu yake na kuchimba korongo. Udongo wenye mizizi, mchwa na nyungunyungu huwa na vitundu vingi, na mvua hubaki palepale iliponyesha. Katika nchi kame kama Dodoma, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtama utafika kwenye suke. Mkulima anaweza kukifanya kipimo hiki kwa kopo lililokatwa ncha zote mbili, mradi alinganishe shamba lake na kichaka cha jirani kisicholimwa, siku ileile.

Kaboni ya udongo hudai uangalifu zaidi. Asilimia inayotolewa na maabara haitoshi peke yake. Lazima ijulikane pia kina cha sampuli na uzito wa udongo kwa kila ujazo. Anayechota sentimita 10 za juu mwaka huu na sentimita 20 miaka mitano baadaye atapata tofauti isiyo na maana yoyote. Ndiyo sababu wanasayansi wa Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, chenye makao Nairobi, waliweka utaratibu mmoja: eneo la kilomita 10 kwa 10 hugawanywa katika makundi 16 yenye viwanja 10 kila moja, na sampuli huchukuliwa katika vina vilevile, sentimita 0 hadi 20, kisha 20 hadi 50. Viwanja hivyo 160 hulinganishwa na picha za setilaiti, na hapo ndipo picha hizo zinapoanza kutuambia ukweli.

Ushahidi mwingine hukaa mbali na shamba lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walipima matope yaliyotuama katika mabwawa ya Dodoma, yakiwemo Ikowa na Matumbulu, wakakadiria ni udongo kiasi gani uliotoka kwenye miteremko. Bwawa linalojaa matope hushuhudia kilichopotea huko juu, hata kama hakuna aliyekuwepo kupima.

Kwa hiyo taarifa inayohesabu miche iliyopandwa, bila kusema udongo ulikuwaje siku ya kwanza, hainiridhishi. Vipimo vya mwanzo huchukuliwa kabla ya jembe la kwanza. Vikikosekana, hakuna fedha zitakazovinunua baadaye.

Sehemu ya tatu itaingia Shinyanga, kwenye ngitili za Wasukuma.