Gari Likizima Njiani, Usiseme Ndiyo Tabia Yake

Katika stendi ya Kibiti huonekana magari ya kila namna. Mengine yatoka Dar es Salaam, mengine yaelekea Ikwiriri, Daraja la Mkapa na Lindi, na mengine hushika njia ya Nyamisati kuwapeleka watu kwenye vyombo vya delta na Mafia. Mengi ya magari hayo yalitumika kwanza ng'ambo, hasa Japani, ndipo yakauzwa kwetu. Kununua gari lililotumika si aibu, maana kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini liko jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawakuambiwa, nalo laweza kuua.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanda kikigundua ubovu wa hatari katika magari kilichokwisha kuyauza, huwaita wenye magari wayarudishe ili yatengenezwe bure. Barua hupelekwa kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa huko lilikouzwa gari. Gari likivuka bahari, barua haivuki nalo. Mwalimu wa Kibiti aliyenunua gari hilo baada ya miaka kumi hatapata habari, isipokuwa aitafute mwenyewe.

Kifaa kidogo, vifo 124

Tutazame yaliyotokea Marekani. Mwezi wa Februari mwaka 2014, kampuni ya General Motors ilianza kuita magari yake yenye ubovu katika swichi ya ufunguo. Mpaka mwisho wa Machi yalifika kama milioni 2.6, yakiwamo yale yaitwayo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion.

Wewe unayeendesha wajua kwamba ufunguo una vituo vyake: kuzima, kusikiliza redio, kuwasha, na kupiga stata. Katika magari hayo, kile kidude kinachoshika ufunguo usirudi nyuma kilikuwa dhaifu. Mtu akitundika mzigo wa funguo nyingi, au akilipiga shimo, au goti lake likiugusa ufunguo, ulirudi kituo kimoja. Mara injini ikazima gari likiwa mbioni. Usukani ukawa mzito, na breki zikapoteza msaada wa injini. Baya zaidi, ile mifuko ya hewa inayofumuka kumkinga mtu wakati wa ajali haikufumuka.

Wahandisi walikuwa wamekwisha kuona dalili zake tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Wenye magari walilalamika kwamba injini zinazima njiani. Wakubwa wakahesabu kuwa ni usumbufu tu kwa mteja, si hatari. Mwaka 2005 mafundi wa mawakala waliagizwa kuwashauri wateja wapunguze vitu kwenye pete ya funguo. Mwaka 2006 kifaa kilibadilishwa kimyakimya bila kubadilisha namba yake, hata waliochunguza ajali baadaye wakatatizika. Kifaa chenyewe gharama yake ilikuwa chini ya dola 1.

Mwishowe mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 900. Na hata baada ya mwito kutangazwa, wenye magari wengi walingoja miezi kabla ya kupata vipuri. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.

Joto na unyevu wa pwani

Pengine utasema, "Magari hayo yaliuzwa zaidi Amerika; sisi yatuhusu nini?" Basi sikiliza habari ya Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa kwa viwanda vingi, kama Toyota, Honda, Nissan na Mazda. Ndani ya mfuko mna kikopo chenye baruti ya kuufumua. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali kikopo chaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Vikopo vya namna hiyo kama milioni 100 viliitwa duniani kote, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Huko Marekani majimbo ya joto na unyevu, kama Florida, yalipewa nafasi ya kwanza katika matengenezo. Na pwani yetu ya Rufiji je, haina joto na unyevu?

Unyevu na chumvi ya bahari huharibu nyaya na swichi pia. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika sehemu za Rufiji na Kibiti yatukumbusha jambo jingine: gari lililozama majini lisiwashwe mpaka fundi wa umeme wa magari amelikagua.

Mambo ya kufanya

Kwanza, chukua kadi ya gari, soma namba ya chesisi, uipeleke kwa wakala wa kiwanda kilichotengeneza gari lako, au umwombe kijana mwenye simu ya intaneti aitafute katika ukurasa wa kiwanda hicho. Uliza kama liko katika mwito wowote, na kama lilikwisha kutengenezwa. Uliza pia nani atalipa, kabla hujatoa senti.

Pili, ufunguo wa gari ukae peke yake. Funguo za nyumba, za duka na za ghala ziwe mfukoni.

Tatu, gari likizima mbioni usichomoe ufunguo, maana usukani waweza kujifunga. Shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga breki kwa nguvu mara moja bila kupigapiga, uende pembeni, uwashe taa za hatari.

Nne, usimruhusu fundi wa pembeni mwa njia kufungua mfuko wa hewa. Mle mna baruti.

Tano, gari lililozima mara mbili bila sababu lisibebe abiria mpaka sababu ijulikane. Wenye magari wengi husema, "Ndiyo tabia yake, ukiliwasha tena litakwenda." Maneno kama hayo ndiyo yaliyochelewesha matengenezo kule Marekani kwa miaka kumi.

Nawe usiye na gari, unayepanda kwenda Nyamisati na watoto wako, unayo haki ya kuuliza. Gari likizima njiani na dereva akacheka, mwulize kwa adabu kama fundi amekwisha kulitazama. Akikosa jibu, shuka, ungoje gari jingine.