Msitu Ndani ya Chupa: Jinsi Bustani ya Kioo Inavyojilisha

Bustani ya chupa, au terariamu kama wanavyoiita wataalamu wa mimea, ni chombo cha kioo kilichotiwa udongo, mimea na viumbe wadogo, kisha kikafungwa kifuniko. Kikishafungwa hakitiwi tena maji, mbolea wala hewa. Mwanga huingia, joto hutoka, na vingine vyote huzunguka humo humo. Chombo kilichotengenezwa vizuri huweza kudumu miaka mingi. Mwingereza David Latimer alipanda chake mwaka 1960, akakimwagilia mara ya mwisho mwaka 1972, na miaka 40 baadaye bado kilikuwa kimejaa majani.

Pwani ya Kilifi na Malindi ni mahali pazuri pa kutengenezea bustani ya namna hii, kwani karibu kila kinachohitajika hupatikana jirani: makumbi ya nazi, makaa, kokoto, majani makavu na chupa za mdomo mpana. Ni mahali pazuri pia pa kuielewa, kwa sababu yanayotokea ndani ya chupa yanaonekana kwa ukubwa wake katika misitu ya pwani.

Jambo lenyewe liligunduliwa bila kukusudiwa. Mwaka 1829, daktari wa London aitwaye Nathaniel Ward alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunga, akasubiri nondo atoke. Kabla ya hapo aliona kangaga na nyasi vikichipua chupani. Mchana mvuke ulipanda kutoka udongoni, ukashika kwenye kioo, kisha ukarudi chini kama matone. Mimea hiyo iliishi karibu miaka 4 bila kutiwa maji, hadi kifuniko kilipoliwa na kutu na mvua ikaingia. Mwaka 1833 Ward alituma masanduku ya kioo yaliyojaa mimea kutoka London hadi Sydney. Ilikuwa safari ya miezi kadhaa, na kabla ya hapo mimea mingi ilikufa njiani kwa chumvi ya bahari na uhaba wa maji. Mimea ya Ward ilifika hai. Tangu hapo masanduku ya aina hiyo yalibeba miche ya biashara kutoka bara moja hadi jingine, ikiwemo miche ya mpira iliyooteshwa London kwa mbegu za Brazil mwaka 1876 na kupelekwa Sri Lanka.

Mzunguko alioushuhudia Ward ni wa maji, nao ndio rahisi kuuona. Mizizi hunyonya maji udongoni, na majani huyatoa kama mvuke kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Mvuke hujaa chupani, na kioo kinapopoa hugeuka matone yanayoteremka hadi udongoni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko kati ya mji wa Kilifi na Malindi, hutegemea pepo za bahari kuletewa maji hayo: upande wa mashariki hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, na upande wa kaskazini magharibi 600 tu. Chupa haina upande wa mashariki wala magharibi. Maji yaliyotiwa siku ya kwanza ndiyo hayo hayo yatakayonywewa mwaka wa tatu.

Mzunguko wa hewa umejificha zaidi, na ndio unaoamua iwapo bustani itaishi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, lakini kabonidioksidi ni kidogo mno, sehemu 420 hivi kwa kila milioni. Chupa yenye lita 5 za hewa kwa hiyo ina mililita 2 tu za kabonidioksidi, na kaboni iliyomo katika mililita hizo ina uzito wa miligramu 1 hivi. Kaboni hiyo ndiyo mmea hujengea majani, mashina na mizizi. Jani kavu lenye uzito wa gramu 1 lina kaboni karibu nusu gramu, yaani zaidi ya mara 400 ya ile iliyomo katika hewa yote ya chupa.

Hesabu hii inastahili kutafakariwa. Mimea ikipata mwanga mzuri inaweza kuimaliza kabonidioksidi yote ya chupa kwa saa chache za asubuhi. Kama isingerudishwa, ukuaji ungesimama siku ile ile ya kwanza. Mimea yenyewe hurudisha kiasi inapopumua usiku na mchana, lakini kilichogeuzwa kuwa jani hakirudi hewani mpaka jani hilo lioze. Hapo ndipo bakteria, kuvu na wadudu wa udongoni wanapoingia kazini. Hula majani yaliyoanguka, hutumia oksijeni iliyotengenezwa na mimea, na hutoa kabonidioksidi ambayo mimea huisubiri. Pamoja nayo huachilia naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizokuwa zimefungiwa ndani ya jani. Anayetazama bustani ya chupa huvutiwa na kijani kilicho juu, lakini injini yake iko chini, katika uozo. Udongo uliochemshwa au kuokwa ili kuua kila kiumbe ni udongo usiofaa kwa chupa iliyofungwa.

Ukweli huu unadhihirika Arabuko-Sokoke. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu yake moja ina miti ya mrihi iliyosimama juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Mirihi hiyo huishi kwa ushirika na kuvu zinazoizingira mizizi yake: kuvu husaka madini katika mchanga na majani yaliyooza, na mti hulipa kwa sukari. Uyoga unaochomoza baada ya mvua za masika ni sehemu ndogo tu ya mtandao huo, sehemu inayojitokeza juu ya ardhi.

Ushahidi mwingine uko Bamburi, kusini kidogo mwa mpaka wa Kilifi na Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe huko hadi kukabaki jangwa la mawe matupu, lenye joto kali na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 zilizojaribiwa, ni chache tu zilizostahimili, na iliyofanya vizuri kuliko zote ni mvinje, mti ambao wakulima wa Kilifi na Malindi huupanda kwa ajili ya nguzo za kujengea. Bakteria wanaoishi katika mizizi ya mvinje hunasa naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana mti huo uliweza kumea penye mawe. Lakini tatizo jipya likazuka. Majani yake membamba yalianguka, yakarundikana, na hayakuoza. Hakukuwa na wa kuyala. Haller aliona kwamba jongoo wenye miguu myekundu wanayapenda, akaleta jongoo kwa wingi. Walitafuna majani, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya mwamba. Leo mahali hapo ni bustani ya Haller Park, yenye msitu, mabwawa na wanyama. Bila jongoo pangekuwa na miti iliyosimama juu ya takataka zake yenyewe.

Uozo nao ukizidi huleta madhara, na somo hilo lilipatikana Marekani kwa gharama kubwa. Septemba 1991 watu 8 walijifungia ndani ya Biosphere 2, jengo la kioo lenye ukubwa wa hekta 1.27 katika jimbo la Arizona, ili waishi humo miaka 2 wakitegemea mimea, mifugo na hewa iliyomo. Udongo wake ulikuwa na mboji nyingi kupita kiasi. Bakteria waliila kwa kasi wakatumia oksijeni kuliko ilivyoweza kutengenezwa na mimea, huku kabonidioksidi waliyoitoa ikinyonywa na kuta za zege badala ya kurudi kwenye majani. Kufikia Januari 1993 oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu asilimia 21 hadi chini kidogo ya 14.5, watu wakawa wanatweta, na ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Ndiyo sababu mboji katika bustani ya chupa haifai kuzidi robo ya udongo.

Utengenezaji huanza na chombo. Chupa ya kioo kisicho na rangi, yenye ujazo wa lita 4 hadi 10 na mdomo unaoingiza mkono, ndiyo rahisi kuliko zote. Huoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Chini hutandazwa kokoto zilizooshwa, kina cha sentimita 2 au 3, ili maji ya ziada yajikusanye huko na mizizi isizame. Vipande vya matumbawe na mchanga wa ufukweni, japo viko tele, viepukwe: vina chumvi, na chokaa yake huzuia mimea mingi ya kivulini kupata madini ya chuma, majani yakageuka manjano. Juu ya kokoto huwekwa kipande cha chandarua kikuukuu kuzuia udongo usiteremke, kisha makaa yaliyopondwa. Makaa hupunguza harufu, ila si ya lazima. Vijidudu vya udongo vikiwa hai, chupa hainuki.

Udongo huchanganywa kwa sehemu 2 za makumbi yaliyochambuliwa, sehemu 1 ya mboji na sehemu 1 ya mchanga wa mtoni. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba hayafai, kwa sababu yamelowa maji ya bahari kwa miezi. Yatumike makavu ya nazi iliyofuliwa bara, baada ya kuloweshwa na kukamuliwa mara mbili tatu. Kina cha sentimita 6 hadi 8 kinatosha.

Kisha huongezwa viumbe, hatua ambayo wengi huiruka. Konzi moja ya majani yaliyoanza kuoza, yaliyookotwa chini ya mwembe wa nyumbani, huja na bakteria, kuvu na wadudu weupe wadogo mno warukao, ambao hula ukungu. Wale wa kijivu wanaojikunja wakiguswa wanakaribishwa pia. Jongoo mkubwa, pamoja na sifa zake zote, aachwe nje: katika chupa ndogo atamaliza majani makavu na kuanza kula mimea hai.

Mimea inayofaa ni ile ya kivuli na unyevu isiyorefuka sana. Kuvumwani, yaani mimea laini ya kijani itambaayo juu ya kuta zenye maji, hupatikana kwenye visima na matangi ya zamani, na kangaga wadogo vivyo hivyo. Mshubiri, mkonge na jamaa zao wa nchi kavu huoza upesi.

Ua la Usambara, ambalo limeuzwa kama ua la dirishani duniani kote, linahitaji maelezo yake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya kutoka Tanga, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi. Kilifi ina aina yake, inayoota katika nyufa za mawe ya chokaa huko Cha Simba, karibu na Kaloleni, nayo imo hatarini kabisa kutoweka. Ua la kitaluni lina majani yenye vinyweleo vinavyoshika maji, kwa hiyo hufaa zaidi chupa iliyoachwa wazi kidogo. Lile la Cha Simba lisiguswe. Vivyo hivyo mimea ya Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008: hayo si maeneo ya kuchuma miche ya kupeleka nyumbani.

Maji ya mvua, au ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa, hunyunyizwa mpaka udongo ushikamane ukifinywa bila kuchuruzika. Chupa hufungwa na kuwekwa barazani penye mwanga mwingi lakini jua lisipopiga. Joto la mchana Malindi hufika nyuzi 30 na zaidi, na chupa iliyofungwa ikipigwa na jua moja kwa moja hupanda juu ya hapo upesi hadi mimea ikaiva. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo hatari zaidi.

Wiki za kwanza ukungu mweupe huweza kutokea juu ya majani makavu. Wadudu wakiwemo, hutoweka wenyewe. Kioo kikiwa na matone asubuhi na kuwa wazi ifikapo adhuhuri, maji ni ya kutosha. Kikibaki na ukungu mchana kutwa, kifuniko kifunguliwe siku moja au mbili. Majani yanayogusa kioo hukatwa na kuachwa humo humo yaoze. Udongo ukikauka mara kwa mara, hitilafu iko kwenye kifuniko kinachovuja, nacho kibadilishwe kabla ya kuongeza maji.