Je, Wajua? Junko Tabei, mama aliyeshona mapazia akapanda Everest

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest alimwacha nyumbani binti ambaye hata shule hajaanza? Ni Junko Tabei, Mjapani aliyezaliwa 1939 huko Miharu, Fukushima. Kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu tu.

Utotoni alihesabiwa mtoto dhaifu. Alipofika miaka kumi, mwalimu aliwapandisha yeye na wanafunzi wenzake Mlima Nasu, na tangu hapo milima ikamkaa moyoni.

Alipokuwa mtu mzima, wanaume wengine walikataa kupanda naye. Wengine walidai amekuja kutafuta mchumba. (Na mume alimpata kweli, palepale milimani: Masanobu, mpandaji mwenzake.) Mwaka 1969 akaanzisha chama cha kupanda milima cha wanawake pekee.

Walipoomba ufadhili wa Everest waliambiwa wakalee watoto. Hatimaye gazeti la Yomiuri na televisheni ya Nippon zikajitokeza, lakini pesa bado hazikutosha. Junko akafundisha piano. Suruali zikashonwa kwa mapazia makuukuu, glavu za juu kwa vitambaa vya kufunikia viti vya gari. Manyoya ya bata bukini yakaagizwa China, wakajishonea mifuko ya kulalia.

Usiku wa tarehe 4 Mei 1975, wakiwa wamelala kambini kwenye mita 6,300, theluji iliporomoka ikafunika mahema. Junko alizirai. Masherpa waliokuwa wakiwasaidia kupanda ndio waliomfukua na kumvuta nje, na kwa takriban siku mbili hakuweza kutembea. Ungedhani safari imeishia hapo. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 16 Mei, alikuwa kileleni, mita 8,848, pamoja na Sherpa Ang Tsering. Karibu na kilele walikuta ukingo wa barafu mwembamba kama makali ya kisu, China upande mmoja, Nepal upande wa pili. Alivuka akitambaa ubavu, huku akiwalaani kimoyomoyo waliotangulia bila kuutaja.

Siku kumi na moja tu baadaye Mtibeti Phanthog naye akafika, kwa kupitia upande wa Tibet.

Sifa ya "mwanamke wa kwanza" Junko hakuipenda sana. Alipenda aitwe mtu wa 36 kufika Everest.

Kilimanjaro je? Aliupanda 1980. Mwaka 1992, kwa kilele cha Puncak Jaya, Indonesia, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza vilele virefu kuliko vyote vya mabara saba.

Akiwa na miaka kama sitini alirudi chuo kikuu, Kyushu, kuchunguza taka zinazoachwa Everest.

Hata huko angani, kwenye Pluto, kuna milima yenye jina lake.

Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 alianza kuwapandisha Mlima Fuji wanafunzi wa Fukushima. Julai 2016, akiugua saratani, alikwenda nao tena. Alifariki Oktoba mwaka huohuo.